Kivumishi "pembanus" na Upatanisho Wake

Miongoni mwa maneno ya Kilatini yaliyotokana na majina ya mahali petu, wafasiri hawana budi kukitazama kivumishi pembanus, maana yake "-a Pemba". Mwaka 1962 Harold E. Moore, mtaalamu wa Kimarekani wa mimea ya jamii ya minazi, aliupa mpapindi jina la Chrysalidocarpus pembanus. Mti huu huota kiasili Pemba pekee, hasa katika msitu wa Ngezi.

Mwaka 1995 Henk Beentje na John Dransfield waliuhamishia katika jenasi ya Dypsis, ukaitwa Dypsis pembana. Mwaka 2022 jenasi ya Chrysalidocarpus ilifufuliwa, na pembanus ikarejea.

Mabadiliko hayo si kosa la chapa. Katika Kilatini kivumishi hufuata jinsi ya nomino: Chrysalidocarpus huhesabiwa kuwa ya kiume, Dypsis ya kike. Ni sawa na sisi tusemavyo mti mrefu lakini kitu kirefu. Shina ni lile lile, upatanisho ndio uliogeuka.

Hata hivyo, si kila neno lenye Pemba ndani yake hugeuka. Chozi wa Pemba, aliyepewa jina na Reichenow mwaka 1905, aliwahi kuitwa Nectarinia pembae, na leo ni Cinnyris pembae. Jenasi ya kwanza ni ya kike, ya pili ya kiume, lakini pembae imebaki vile vile, kwa kuwa ni nomino ya umilikishi wala si kivumishi. Nacho kiishio -ensis, kama katika jina la bundi Otus pembaensis lililotolewa na Pakenham mwaka 1937, hutumika kwa jinsi ya kiume na ya kike pia. Jinsi ya tatu huchukua -ense, kama Solanum zanzibarense, mmea wa jamii ya mbilingani.

Kwa mtumishi wa misitu jambo hili si urembo wa lugha. Karani akikuta pembanus na pembana katika majalada mawili, aweza kuorodhesha miti miwili, na hesabu ya mti adimu ikaharibika. Kwa hiyo yafaa mfasiri atangulize jina la wenyeji, kisha aandike la Kilatini linalotumika sasa pamoja na lile la zamani, bila kusahihisha viishio kwa kukisia. Katika mabadiliko yote hayo, mpapindi umebaki mpapindi.