SMS Ilivyoponea Chupuchupu

Leo naweka programu kando kidogo tuzungumze historia. Kila serikali ya jirani inapozima intaneti, kama Uganda Januari 2021 au Tanzania Oktoba 2025, watu huniuliza: je, Kenya inaweza kufanyiwa hivyo? Mimi hujibu kwamba ilikaribia kufanyika zamani. Ila haikuwa intaneti, ilikuwa SMS.

Turudi Jumapili, tarehe 30 Desemba 2007. Jioni hiyo Tume ya Uchaguzi ilimtangaza Mwai Kibaki kuwa mshindi, na muda mfupi baadaye akaapishwa Ikulu. Siku hiyohiyo Wizara ya Usalama wa Ndani, chini ya waziri John Michuki, ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Kibera, ngome ya Raila Odinga aliyekuwa mbunge wa Lang'ata, ilichafuka. Soko la Toi liliteketea, na katika wiki zilizofuata hata reli inayopita mtaani iling'olewa.

Sasa jiweke mahali pa mama aliyejifungia nyumbani kwake Laini Saba. Habari za papo hapo hakuna. Anataka kujua kama dada yake Kawangware yu mzima, na kama kuna njia ya kutoka. Wakati huo kebo za baharini hazikuwa zimefika Kenya, SEACOM na TEAMS zilikuja 2009. Intaneti ilitegemea setilaiti, ilikuwa ghali, na wengi waliiona saiba au ofisini tu. Kwa hivyo mtandao wa huyu mama ulikuwa simu ndogo ya vibonye na krediti ya kutuma SMS. Na hata krediti yenyewe iliadimika, maana maduka yalikuwa yamefungwa.

Hiyo ndiyo njia ambayo serikali ilifikiria kuifunga. Tusiseme haikuwa na sababu: SMS za chuki za kikabila zilikuwa zikisambaa kweli. Kiufundi pia si kazi ngumu. Kila SMS hupita kwenye kituo cha kampuni ya simu, kinaipokea, kinaihifadhi, kisha kinaipeleka kwa mlengwa. Kampuni za simu za mkononi zilizokuwa zikitoa huduma zilikuwa mbili tu, Safaricom na Celtel. Huhitaji kukata waya hata mmoja, unasimamisha mashine chache na nchi nzima inanyamaza.

Haikufika huko. Michael Joseph, aliyekuwa mkuu wa Safaricom, alisimulia baadaye kwamba aliwashawishi wakubwa serikalini wasizime SMS, badala yake kampuni itume jumbe za kuhimiza amani. Wateja wakazipokea jumbe hizo, na SMS ikaponea.

Angalia kilichofuata. Tarehe 3 Januari 2008 Ory Okolloh aliandika kwenye blogu yake akiomba mafundi watengeneze ramani ya ghasia. Ndani ya siku chache yeye, Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao wakaanzisha Ushahidi. Mtu aliweza kuripoti tukio kwa intaneti au kwa SMS, likawekwa kwenye ramani. Programu ile iliyotumika tena Haiti baada ya tetemeko la 2010 ilizaliwa hapa kwetu, na simu ndogo ya vibonye ilikuwa mojawapo ya milango yake.

SMS haikuzuia maafa. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Lakini kuizima kungemnyamazisha mchochezi pamoja na yule anayeomba msaada, na mchochezi ana njia nyingine. Mama wa Laini Saba hana.

Kinachonisumbua ni hiki: haki ya mamilioni ililindwa na ushawishi wa meneja mmoja. Sisi tunaoandika programu tunajua hatari yake. Amri ya kufuta data yote huiachii hisani ya aliye zamu. Unaweka ruhusa, unaweka masharti, unaweka kumbukumbu ya aliyeibonyeza.

Masharti yalianza kuja baadaye. Sheria ya uwiano ya 2008 inamwadhibu anayeeneza chuki, si wote wenye simu. Katiba ya 2010, ibara za 33 na 34, inalinda uhuru wa kujieleza na wa vyombo vya habari. Hata hivyo, 30 Januari 2018 Citizen, NTV na KTN zilizimwa Raila alipojiapisha Uhuru Park, zikakaa gizani siku kadhaa licha ya amri ya mahakama. Tarehe 25 Juni 2024, vijana wakiandamana kupinga Mswada wa Fedha, intaneti ilidorora nchini, siku moja tu baada ya Mamlaka ya Mawasiliano kusema haina nia ya kuizima. Kampuni zilitaja hitilafu za kebo za baharini.

Mwezi Mei 2025 Mahakama Kuu ilitoa amri ya muda kukataza kuzima intaneti. Juni 25 mwaka huohuo Mamlaka ikakataza matangazo ya moja kwa moja ya maandamano, na mahakama ikasimamisha katazo siku hiyohiyo.

Linganisha na 2007. Swichi bado ipo, lakini sasa anayetaka kuigusa anaweza kujikuta mbele ya jaji. Tusirudi kumtegemea meneja mwenye moyo mzuri.