Usukani wa gari la porini: matengenezo ya njiani Kitui na Makueni

Matengenezo ya usukani njiani ni kazi ya kulirudishia gari uwezo wa kukata kona palepale lilipoharibikia, kwa vifaa vilivyomo ndani yake, ili lijikokote hadi kwa fundi. Katika kaunti za Kitui na Makueni nchini Kenya kazi hii huwapata zaidi madereva wa Land Cruiser na Land Rover zinazobeba dawa, chanjo za mifugo, maafisa wa kilimo na walinzi wa wanyamapori, na wenye pikapu wanaofuata mbuzi na makaa ndani kabisa ya nyika. Sehemu yake kubwa hufanyika nyumbani kabla ya safari. Anayeanza kuwaza akiwa ameshakwama amechelewa.

Kitui ni kaunti kubwa, zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu humo watu 1,136,187. Makueni ina karibu kilomita za mraba 8,000 na watu 987,653. Mto Athi hupita katikati ya kaunti hizi kwa sehemu ndefu ya mpaka wao. Lami ipo: barabara kuu ya Mombasa hukatiza Makueni kupitia Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei, na nyingine hutoka Kibwezi kwenda Kitui kupitia Ikutha na Mutomo. Lakini ukiiacha lami kuelekea Endau, Zombe au Tseikuru, au ukapandisha kutoka Kibwezi kwenda vilima vya Chyulu, njia hubadilika kila baada ya kilomita chache. Chyulu ni mawe ya volkeno yenye ncha. Mashariki ya Kitui ni mchanga wa mito ya msimu kama Tiva na Thua, na katikati yake kuna udongo mweusi ambao ukinyeshewa hushika magurudumu kama ulimbo. Kisha kuna visiki vya miti iliyokatwa, vilivyofichwa na nyasi. Kisiki hakionekani mpaka kimeshagonga.

Gari lenye ekseli nzima ya mbele, kama Land Rover Defender ya zamani au Land Cruiser ya pikapu, hupeleka nguvu ya usukani kwenye boksi lake, kisha kwenye mkono unaosukuma chuma kirefu hadi gurudumu moja. Gurudumu hilo huunganishwa na la pili kwa chuma kingine kinachoitwa tai rodi. Kila mwisho wa vyuma hivi una kichwa chenye mpira wa chuma unaocheza ndani ya kikombe chenye grisi, na shina la kichwa hicho hukazwa kwa nati. Kwenye magari mengi nati hiyo hulindwa na pini ndogo ya kupasua. Pini hiyo ni ya bei ya chini sana, na ikikosekana nati hujifungua kidogo kidogo kwa mtikisiko wa barabara yenye matuta, siku baada ya siku, bila dalili ambayo dereva asiyeinama angeiona.

Kwenye Land Cruiser kuna jambo jingine ambalo mafundi wazoefu hulitaja kwanza. Mkono unaogeuza gurudumu umeshikiliwa na stadi nne, zenye washa za umbo la koni. Zikilegea, mkono huanza kucheza, na mchezo huo huzikata stadi moja baada ya nyingine. Zinazobaki hubeba mzigo wa zilizokatika, na ya mwisho haikatiki gari likiwa limesimama. Kuzikaza kila baada ya safari ngumu ni kazi ya dakika chache. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hakuna ukaguzi mwingine wa usukani wenye faida zaidi kwa muda huo.

Ukaguzi wenyewe huhitaji watu wawili. Mmoja hukaa kwenye kiti na kutikisa usukani kulia na kushoto kwa kiasi kidogo, gari likiwa chini. Mwingine hulala uvunguni, kiganja chake kikiwa kimefunika kila kichwa kwa zamu. Mkono huhisi mchezo ambao jicho halioni. Baadaye gurudumu huinuliwa kwa jeki, likashikwa kushoto na kulia, kisha juu na chini. Likicheza kushoto na kulia tu, mara nyingi ubovu ni wa vichwa. Likicheza pia juu na chini, hushukiwa bearingi. Gari ambalo usukani wake hutetemeka ghafla baada ya kugonga shimo halihitaji kwanza shoki mpya ya usukani, maana shoki huuficha ugonjwa bila kuuponya.

Vya kubeba ni vichache kuliko watu wanavyodhani. Vichwa viwili vya tai rodi, kimoja cha thredi ya kulia na kimoja cha kushoto, kwa sababu pande hizo hazibadilishani. Stadi na washa zake, pini za kupasua kwa wingi, lita moja ya oili ya usukani, kipande cha bomba la mpira na klipu zake. Nyundo mbili. Futi ya kupimia, chaki, waya wa kufungia, vipande virefu vya tyubu kuukuu, mkanda wa rachiti wa kufungia mizigo, na ubao mnene wa kuweka chini ya jeki, maana jeki bila ubao kwenye mchanga wa Tiva huzama yenyewe badala ya kuinua gari. Na bomba la chuma linaloingia juu ya tai rodi, likiwa limepasuliwa kwa urefu, pamoja na bolti zenye umbo la U. Maduka ya Kirinyaga Road jijini Nairobi huuza vipuri hivi vyote, ila Nairobi iko mbali ukiwa Endau saa kumi jioni.

Gari likishindwa kukata kona, kazi ya kwanza ni kuchagua mahali. Likiwa ndani ya mto wa mchanga, litolewe kwanza, hata kwa kuvutwa, ndipo nati iguswe. Maji ya mito hii huletwa na mvua iliyonyesha vilimani mbali, na mbingu juu ya kivuko inaweza kuwa nyeupe kabisa. Kwenye kivuko hakuna muda wa kubahatisha: tarehe 4 Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya wa kanisa lilisombwa na Mto Enziu karibu na Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo zinazotegemewa zaidi na wakulima wa kaunti hizi, na ndizo pia za kuogopwa na wasafiri. Ukishafika mahali pakavu, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe na weka matawi barabarani pande zote mbili.

Kubadilisha kichwa cha tai rodi huwashinda wengi kwa sababu ya shina lililobana ndani ya jicho la mkono. Nati hulegezwa lakini haitolewi kabisa. Nyundo moja huegemezwa upande mmoja wa jicho, ya pili hugonga upande wa pili, kwa nguvu na kwa mkupuo mmoja. Jicho hupanuka kidogo sana na shina hudondoka. Anayegonga shina kutoka chini huharibu thredi na kujiongezea kazi. Kichwa cha zamani hufunguliwa kwa kuhesabu mizunguko kwa sauti, na hesabu huandikwa kwa chaki kwenye mlango: kumi na nane na nusu, kwa mfano. Kipya huingizwa kwa mizunguko ileile, na magurudumu hubaki karibu sana na mpango wake wa zamani. Kuhakikisha, huchorwa alama katikati ya kila tairi kwa mbele, kwenye usawa wa ekseli, umbali baina yake ukapimwa, kisha gari likasukumwa hadi alama zifike nyuma na kupimwa tena. Tofauti inapaswa kuwa ya milimita chache tu. Ikizidi sentimita, tairi zitalika hata kabla ya kufika mjini.

Tai rodi iliyopinda kwa kugonga kisiki hutolewa na kunyooshwa kwenye panda ya mti imara, kidogo kidogo, huku ikizungushwa. Chuma kilichonyooshwa ni dhaifu pale palipopinda, kwa hiyo lile bomba lililopasuliwa huvishwa hapo na kukazwa kwa bolti. Kichwa kilichochomoka kwenye kikombe chake huweza kurudishwa na kubanwa kwa waya na tyubu iliyovutwa kwa nguvu, lakini hiyo ni dawa ya kilomita chache.

Chuma kikivunjika kabisa hubaki kuchomelea. Betri mbili za volti 12 zikiunganishwa kwa mfululizo hutoa volti 24, zinazotosha fimbo nyembamba ya milimita 2.5, na tatu hufanya kazi vizuri zaidi. Betri hufunguliwa kwanza kutoka kwenye gari na kuwekwa mbali na cheche, maana hutoa gesi inayolipuka. Kioo cheusi cha mchomeleaji ni lazima. Vichwa havichomelewi kamwe, kwa kuwa joto huunguza grisi na kitambaa cha ndani cha kikombe.

Baada ya kazi, ondoeni mawe na matawi barabarani kabla ya kuondoka. Jiwe lililosahaulika usiku huvunja usukani wa gari linalofuata.

Tai rodi iliyonyooshwa kwa mti au kuchomelewa kwa betri ni ya kulifikisha gari katika miji ya Wote, Kibwezi, Mutomo au Mwingi, polepole na bila abiria. Huko hutolewa, hukatwa vipande viwili ili asiuziwe mtu mwingine, na gari haligusi lami tena mpaka lifungiwe nyingine mpya.