Feza za Kujenga Mji Upya: Nani Aliitwa Kikaoni?

Leo tunawapeleka mbali, Marekani, katika mji wa New Orleans. Msiseme haraka kwamba ile ni nchi ya matajiri na mambo yao hayatuhusu. Mliokuwa Goma tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, siku moto wa Nyiragongo uliposhuka mpaka katikati ya mji, mnajua namna watu wanavyovuka mpaka na magodoro kichwani. Mnajua tena swali linalozuka mara tu moto unapopoa: feza za msaada zikifika, nani atasema zifanye kazi gani? Yule aliyebaki mjini, ama yule aliye kambini? Huko New Orleans swali hilo liliulizwa mbele ya watu wote, na majibu yalikuja vipande vipande, mengine mazuri na mengine machungu.

Tarehe 29 mwezi wa nane 2005 tufani iliyoitwa Katrina ilipiga pwani ile. Sehemu kubwa ya mji iko chini kuliko bahari, na kuta za kuzuia maji, ambazo wahandisi wa jeshi la serikali kuu walizijenga, zilibomoka. Maji yalifunika karibu asilimia 80 ya mji. Zaidi ya watu elfu moja walikufa katika eneo lile. Mamia ya maelfu waliondoka. Wengine walipakiwa katika mabasi na ndege bila kujua wanapelekwa wapi, wakajikuta Houston, Dallas, Atlanta, na miji mingine mingi. Kwa hiyo mji ulikuwa hapa, na wenye mji walikuwa kule.

Lakini ili kuelewa hasira iliyofuata, inafaa turudi nyuma kidogo. Huko New Orleans kulikuwa na barabara iitwayo Claiborne, katika mtaa wa Tremé, mtaa wa zamani wa watu Weusi. Katikati yake palikuwa na safu ndefu za miti mikubwa, na chini ya miti hiyo familia zilipumzika, watoto walicheza, na siku za sikukuu ngoma zilipita. Mwaka 1966 miti ilikatwa ili barabara kuu ya magari ijengwe juu ya nguzo, pale pale mbele ya milango ya watu. Barabara nyingine ya namna hiyo ilikuwa imepangwa kupita kando ya mto, mbele ya mtaa wa kale wa Wafaransa. Watu wa upande ule walikuwa na wanasheria na marafiki katika serikali. Walipinga miaka mingi, na mwaka 1969 waziri wa uchukuzi aliifuta barabara ile. Mji ni ule ule mmoja. Tofauti ni kwamba wa upande mmoja walisikilizwa, na wa upande mwingine waliona mashoka tu.

Mambo ya namna hiyo yalitokea katika miji mingi. Tangu sheria ya nyumba ya 1949, serikali kuu ya Marekani ilitoa feza kwa miji ili ibomoe mitaa iliyoitwa mibovu, na mara nyingi waliofukuzwa walikuwa maskini na Weusi. Watu wakachoka. Mwaka 1969 mama mmoja, Sherry Arnstein, aliyekuwa amefanya kazi ya ushauri serikalini, aliandika kwamba kushirikisha raia ni kama ngazi ya vidato vinane. Kidato cha chini ni kuwadanganya watu ili wakubali mambo yaliyokwisha kuamuliwa. Cha juu kabisa ni raia wenyewe kushika mamlaka. Na alisema wazi kwamba kuwaita watu kutoa maoni, bila hakika kwamba maoni yatageuza kitu, kuko katikati tu ya ngazi.

Mwaka 1974 ikatoka sheria mpya. Serikali kuu ingeipa miji feza za msaada zisizolipwa, na mji ungechagua wenyewe kazi za kufanya, lakini kwa sharti: kwanza uwaeleze wakaaji ni feza ngapi zinakuja na zinaweza kufanya nini, kisha ufanye kikao cha wazi cha kuwasikiliza. Hilo ndilo jambo kubwa la sheria ile. Kabla yake, raia aliyetaka kujua hesabu alionekana msumbufu. Baada yake, alikuwa na haki ya kuuliza. Tusijidanganye, vikao vingi vilibaki vya kutimiza sheria tu, watu wachache ndani ya chumba na karatasi iliyokwisha kupigwa chapa. Lakini mlango ulikuwapo.

Sasa sikilizeni vizuri. Baada ya mafuriko, bunge la Marekani lilitoa feza nyingi kwa kupitia njia ile ile ya sheria ya 1974. Jimbo la Louisiana peke yake liliwekewa zaidi ya dola miliari 10 katika miaka ya 2005 na 2006. Na ili kazi iende upesi, wizara ya nyumba ilitoa ruhusa mwanzoni mwa 2006: lile sharti la kikao cha kusikiliza raia likaondolewa kwa feza hizo, ikatosha kutangaza mpango na kuacha muda wa kutoa maoni. Sababu inaeleweka, kwa maana watu walikuwa hawana paa. Hata hivyo, siku watu walipokuwa wametawanyika kuliko siku zote, ndiyo siku mlango ule ulipofunguliwa nusu tu.

Pale mjini, meya Ray Nagin alikuwa ameunda tume ya watu 17 ya kufikiri namna ya kuurudisha mji. Tarehe 11 mwezi wa kwanza 2006 tume ilileta mapendekezo yake. Siku hiyo gazeti la mji, Times-Picayune, lilichapisha ramani, na juu ya ramani palikuwa na viduara vya rangi ya kijani. Viduara vilionyesha mahali ambapo pangeweza kugeuzwa bustani na nafasi ya kupokea maji. Tena tume ilipendekeza kwamba vibali vya kujenga visitolewe kwanza katika mitaa iliyoharibika sana, na kila mtaa upewe miezi minne kuonyesha kwamba watu wake wa kutosha watarudi.

Fikiri wewe uko Houston, katika chumba cha kukopeshwa, unafungua gazeti, na kiduara cha kijani kimekaa juu ya nyumba ya mama yako. Hakuna aliyekuuliza. Waliochora walikuwa na sababu za kitaalamu, na tusiwaonee: mji uliopoteza wakaaji wengi hivyo kweli hauwezi kutengeneza mifereji yote kwa siku moja, na kujenga tena penye hatari ni kuzika watu mara ya pili. Kosa lao lilikuwa katika mpangilio wa kazi. Walianza na ramani kabla ya kuwatafuta wenye viwanja. Katika mkutano wa siku ile watu waliokuwapo walisimama na kusema kwa hasira kwamba hawatatoka, na baada ya muda meya mwenyewe alijitenga na lile shauri la kuzuia vibali.

Mtaa mmoja uliokuwa chini ya kiduara uliitwa Broadmoor. Ulikuwa na wakaaji karibu 7.000, Weusi na Wazungu, matajiri na maskini. Wakaaji waliokuwa wamerudi hawakuishia kwenye kelele. Waligawa mtaa vipande vipande, kila kipande na mtu wake wa kuwatafuta majirani kwa simu na barua popote walipo, wakaandika nani anarudi, nani bado, na nani anahitaji nini. Walipata msaada wa wanafunzi na walimu wa chuo kikuu cha Harvard, na katikati ya 2006 walikuwa na mpango wao wenyewe mkononi. Ninyi mashefu wa kartie mnaosoma, angalieni jambo hili: silaha yao ya kwanza ilikuwa orodha ya majina. Wakubwa walisema mtaa umekufa. Wao wakaonyesha daftari la watu walio hai.

Lakini si kila mtaa ulikuwa na nguvu hiyo. Na jimbo la Louisiana likasema kwamba halitatoa sehemu ya mji bila mpango mmoja wa mji mzima. Taasisi ya Rockefeller ikatoa dola milioni 3,5 za kuufanya mpango huo. Mkutano mkubwa wa kwanza ulifanyika mwezi wa kumi 2006, pale pale New Orleans. Waliokuja walikuwa mia chache, na wengi wao Wazungu wenye mapato mazuri, ilhali kabla ya mafuriko theluthi mbili ya wakaaji walikuwa Weusi. Magazeti na viongozi wa mitaa walisema wazi: mkutano huu si mji.

Hapa ndipo walipofanya jambo linalotufanya tuwaelezee habari hii. Hawakuendelea kama kwamba kila kitu kiko sawa. Waliamua kuupeleka mkutano kule watu walipo. Siku ya posho, tarehe 2 mwezi wa kumi na mbili 2006, vyumba vikubwa vilifunguliwa kwa wakati mmoja katika New Orleans, Baton Rouge, Houston, Dallas na Atlanta, vikaunganishwa kwa picha na sauti kwa njia ya setilaiti, na miji mingine ikafuata. Wahamishwa walitafutwa kupitia makanisa na mashirika. Waliwekewa usafiri, chakula na mahali pa kuwaacha watoto, maana mama mwenye watoto watatu na asiye na nauli hawezi kushiriki kitu, hata umwalike kwa barua ya dhahabu. Palikuwa na watafsiri kwa wale waliosema Kihispania na Kivietnamu. Watu waliketi meza ndogo ndogo, kila meza na mtu wa kuongoza mazungumzo, na kila mmoja alikuwa na kifaa kidogo mkononi cha kupigia kura. Hesabu zilionekana papo hapo ukutani, Houston kama New Orleans.

Walikuja watu karibu 2.500. Safari hii zaidi ya nusu yao walikuwa Weusi, na karibu robo walitoka katika nyumba zenye mapato ya chini ya dola 20.000 kwa mwaka. Hawakuulizwa maswali ya kitoto. Waliulizwa: tuzuie watu kujenga penye hatari, ama tuwaache wachague na kuwasaidia? Shule na hospitali zifunguliwe wapi kwanza, penye watu wengi tayari ama kila mahali? Wengi walikataa kuwafukuza watu kwa nguvu, lakini walikubali kwamba anayetaka kuhamia mahali pa juu, karibu na majirani wake, asaidiwe kufanya hivyo. Tena walidai nyumba za kupanga ambazo maskini anaweza kulipa. Mwezi wa kwanza 2007 mpango ulirudishwa kwao, na zaidi ya tisa kati ya kumi walisema uendelee. Mwezi wa sita mwaka ule halmashauri ya mji na wakubwa wa jimbo waliupokea.

Je, mambo yakaisha vizuri? Hapana, na tungewakosea tukiacha hapo.

Feza nyingi kuliko zote hazikupita katika mkutano ule. Zilipita katika mradi wa jimbo ulioitwa Road Home, wa kuwasaidia wenye nyumba. Kanuni yake ya hesabu ilisema mtu atalipwa kwa kufuata bei ya nyumba kabla ya mafuriko, ama gharama ya kuitengeneza, ile iliyo ndogo. Tuchukue mfano wa kwetu. Nyumba mbili zina ukubwa sawa na zimeharibika sawa, kila moja inataka dola 140.000 kutengenezwa. Ya kwanza iko katika mtaa wa Wazungu, bei yake ilikuwa 200.000: hesabu inaanzia 140.000. Ya pili iko katika mtaa wa Weusi, ambako nyumba ya namna ile ile iliuzwa 80.000 tu: hesabu inaanzia 80.000. Misumari na mbao zina bei moja, lakini huyu wa pili atamaliza ukuta na kukosa paa. Mstari mmoja wa kanuni ulikuwa na nguvu kuliko vikao vitatu, na mstari huo haukuwekwa juu ya zile meza ndogo ndogo. Ndiyo maana mnapoitwa kikaoni, msiridhike kuuliza soko litajengwa wapi. Ulizeni pia: kila familia itahesabiwa kwa kanuni gani, na nani aliiandika?

Waliokuwa wapangaji walipata kidogo zaidi. Tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 2007 halmashauri ya mji ilikaa kuamua kuhusu nyumba za serikali za watu maskini, zipatazo 4.500. Watu walijaa ndani, na wengine walifungiwa nje ya geti, wakasukumana, na polisi waliwapiga kwa gesi ya pilipili na umeme. Ndani, wajumbe wote walipiga kura ya kubomoa. Wengi wa wale waliokuwa wamekaa katika nyumba zile walikuwa bado mbali, na safari hii hapakuwa na chumba kilichofunguliwa kwa ajili yao Houston.

Kuhusu ile kanuni, mashirika ya kutetea haki ya makao yalishtaki mwaka 2008. Kesi iliisha kwa mapatano mwaka 2011, na dola milioni 62 zikatolewa kwa wenye nyumba waliokuwa bado hawajamaliza kujenga. Lakini miaka sita ilikuwa imepita, na maelfu walikuwa wamekwisha kuiuzia serikali ya jimbo nyumba zao. Mwaka 2000 mji ulihesabiwa kuwa na watu 484.674. Mwaka 2010 walikuwa 343.829, na kati ya waliokosekana, zaidi ya 100.000 walikuwa Weusi.