Kitendawili cha Chombo: Tashihisi ya Vyombo vya Anga katika Sanaa ya Mashabiki

1.0 Utangulizi

Tashihisi ni miongoni mwa istilahi za mwanzo ambazo mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hufundishwa. Hufafanuliwa kuwa ni tamathali inayokipa kitu kisicho na uhai sifa za mtu: upepo hunong’ona, njaa hubisha hodi. Aghalabu ufafanuzi huishia hapo, na mifano hutolewa katika ushairi na ngano. Mhadhara huu unaichunguza tamathali hiyo mahali ambapo haijazoeleka kutafutwa, yaani katika michoro ya mashabiki wa safari za anga ambao, tangu mwanzoni mwa karne ya 21, wamevichora vyombo vya anga vikiwa na nyuso, mavazi na machozi ya binadamu.

Hoja inayotetewa ni kwamba mchoro wa namna hii hufanya kazi kama kitendawili. Anayetega “Mzee Kombe akilia watu hufurahi” huipa mvua umbo la mzee anayelia, lakini tungo lake halikamiliki mpaka msikilizaji atoe jibu na mzee arudi kuwa mvua. Michoro ya vyombo vya anga iliyofanikiwa humrudisha mtazamaji kwenye chombo chenyewe na kwa watu waliokiunda. Pale jibu linaposahauliwa, tashihisi huanza kusimama badala ya ukweli.

2.0 Asili ya Mtindo Huu nchini Japani

Sanaa inayojadiliwa hapa ilishamiri kwanza nchini Japani, ambako huitwa gijinka, neno lenye maana ya kukifanya kitu kiwe mfano wa mtu. Mtindo huo una mizizi mirefu. Katika michoro ya kale inayomilikiwa na hekalu la Kosanji mjini Kyoto, iliyochorwa katika karne za 12 na 13, sungura na vyura hucheza mieleka na kuiga ibada za binadamu. Baadaye zikaenea hadithi za tsukumogami, yaani vifaa vya nyumbani ambavyo vikifikisha umri wa miaka 100 hupata roho na kuweza kuwalipiza kisasi wenyeji waliovitupa. Hali kadhalika, mpaka leo ipo kumbukizi iitwayo hari-kuyo, ambapo sindano zilizovunjika huchomekwa katika tofu laini kama ishara ya kuzishukuru kwa kazi zilizofanya.

Lugha ya Kijapani nayo ina kipengele kinachostahili kuzingatiwa na mwanaisimu wa Kiswahili. Ina vitenzi viwili vya kueleza kuwapo: iru kwa viumbe hai na aru kwa vitu. Kiswahili hufanya kazi inayokaribiana na hiyo kwa upatanisho wa kisarufi. Kifaru na kijana yana umbo la KI-VI, lakini kwa sababu yanataja viumbe hai hupatanishwa kama nomino za A-WA. Katika ngano, jembe likipewa kauli, msimulizi huweza kusema “Jembe akajibu.” Kiambishi kimoja hutosha kukivusha kitu mpaka kwenye jamii ya watu. Mchoraji wa gijinka hukivusha kwa kalamu na rangi.

3.0 Safari ya Hayabusa

Chombo kilichoiinua sanaa hii ni Hayabusa, jina la Kijapani la ndege aina ya kozi. Kilikuwa na uzito wa takriban kilo 510, na kilirushwa kutoka Uchinoura, kusini mwa Japani, tarehe 9 Mei 2003. Kazi yake ilikuwa kwenda kwenye asteroidi ndogo iitwayo Itokawa, yenye urefu wa mita zipatazo 500, kuchota vumbi lake na kulileta duniani. Hakuna chombo kilichokuwa kimewahi kuleta sampuli kutoka kwenye asteroidi.

Safari ilikumbwa na misukosuko mingi. Chombo kilifika Itokawa Septemba 2005, na mwaka huohuo magurudumu mawili kati ya matatu ya kudhibiti mwelekeo wake yaliharibika. Roboti ndogo iitwayo Minerva, iliyokusudiwa kutua juu ya asteroidi, ilipotelea angani Novemba 2005. Hayabusa kiligusa uso wa Itokawa mara mbili mwezi huohuo, lakini kifaa cha kufyatua vidonge vya kuchimbua vumbi hakikufanya kazi ilivyopangwa. Desemba 2005 mawasiliano yalikatika, yakarejea Januari 2006. Marejeo yaliyopangiwa mwaka 2007 yakaahirishwa hadi 2010.

Katika kipindi hicho ndipo Hayabusa alipoanza kuzungumzwa kama mtu. Wanasayansi walikuwa na mhusika wao, Hayabusa-kun, ambaye jina lake lilipewa kiambishi kinachotumika kwa wavulana. Umma ukakifananisha chombo na mtoto aliyetumwa dukani peke yake kwa mara ya kwanza, akapotea njia, akaumia, na bado akashikilia alichotumwa. Tovuti ya michoro ya Pixiv, iliyoanzishwa mwaka 2007, pamoja na tovuti za video, ziliwapa mashabiki mahali pa kuonyeshana kazi zao.

Tarehe 13 Juni 2010 Hayabusa kilirejea. Kiliachia kapsuli yenye sampuli, nayo ikatua Woomera, kusini mwa Australia. Chombo chenyewe kikaungua angani na kusambaratika. Wahenga wa pwani walisema: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Chombo hiki kilifika ngamani kikiwa moto. Novemba 2010, JAXA, shirika la anga la Japani, lilithibitisha kwamba ndani ya kapsuli zilipatikana chembe zipatazo 1,500 za Itokawa, nyingi zikiwa ndogo kuliko mikromita 10. Kati ya mwaka 2011 na 2012 kampuni tatu tofauti za filamu zilitoa filamu tatu kuhusu safari hiyo.

4.0 Mchoro kama Kitendawili

Katika michoro mingi ya Hayabusa, paneli za jua huwa mabawa au mikono iliyotandazwa. Antena huwa pambo la kichwani. Kapsuli huwa kifurushi kinachokumbatiwa kifuani, na injini zilizoharibika huwa majeraha yaliyofungwa bendeji. Anayekijua chombo huitambua kila sehemu. Asiyekijua hujiuliza kwa nini msichana huyu amebeba kifurushi cha duara. Swali hilo ndilo tega, na mtazamaji anayetafuta jibu huishia kujifunza umbo la chombo, kazi ya injini zake na sababu ya safari yake.

Hata hivyo, mchoro una upungufu ambao mwanahistoria hana budi kuutaja. Humwonyesha mhusika akijikokota kwa moyo wake mwenyewe. Mfano bora ni tukio la Novemba 2009. Chombo kilikuwa na injini nne za ioni, na ilipozimika mojawapo zilizotegemewa, ilionekana kwamba safari imekwisha. Wahandisi waliunganisha sehemu nzima ya injini A na sehemu nzima ya injini B, zikafanya kazi pamoja kama injini moja. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu, kabla ya kurusha, wahandisi walikuwa wameongeza diodi ndogo katika saketi, kwa tahadhari ya siku ambayo pengine isingefika. Penye ushujaa wa mtoto aliyejeruhiwa palikuwa na diodi hiyo, na busara ya aliyeiweka.

Ndivyo ilivyo pia kwa picha ya mwisho. Baada ya kapsuli kuachiwa, timu iliyoongozwa na Junichiro Kawaguchi ilikigeuza chombo ili kamera yake ipige picha ya dunia. Picha ya mwisho ilikatika kabla ya kupokewa yote. Mashabiki wameichora hali hiyo kama mtoto anayeitazama nyumbani kwa macho yenye machozi. Chombo hakikuwa na macho ya kulia. Waliotamani kiione dunia ni binadamu waliokaa nacho kwa miaka 7, na machozi katika mchoro ni yao. Kwa mantiki hiyo, tashihisi haikusema uongo. Ilihamisha hisia kutoka kwa mwenye nazo hadi kwenye kitu alichokipenda. Kazi ya mtazamaji ni kuzirudisha kwa mwenyewe.

5.0 Jibu Linaposahauliwa

Taasisi za anga nazo ziliitumia tashihisi. Shirika la Anga la Ulaya lilipokifikisha chombo Rosetta kwenye kometi 67P mwaka 2014, lilitoa mfululizo wa katuni ambamo Rosetta na chombo kidogo Philae huwa na macho na midomo na huzungumza. Mfululizo huo ulifunguliwa kwa fomyula ya ngano, ile ambayo kwa Kiswahili ingekuwa “Hapo zamani za kale”. Philae kilitua tarehe 12 Novemba 2014, kikadunda, kikaishia kivulini, na betri yake ikaisha baada ya siku mbili na ushei. Katika katuni, analala. Hapa jibu halikufichwa, kwa kuwa maelezo ya kisayansi yalitolewa sambamba na katuni.

Mambo yalikuwa tofauti kwa Opportunity, roboti ya Marekani iliyotua kwenye sayari ya Mirihi Januari 2004. Ilikusudiwa kufanya kazi kwa siku 90 za Mirihi. Ilifanya kazi kwa zaidi ya miaka 14 na kusafiri kilomita 45 na zaidi. Ujumbe wake wa mwisho ulipokewa tarehe 10 Juni 2018, wakati dhoruba ya vumbi ilipofunika sayari. Safari ilitangazwa kumalizika tarehe 13 Februari 2019. Ujumbe huo ulikuwa vipimo: nguvu ya umeme imepungua, anga imekuwa nzito. Mwandishi wa habari mmoja aliufasiri kwa maneno ya mtu anayesema kwamba betri yake inaisha na giza linaingia. Fasiri hiyo ilienea duniani kote, ikachorwa mara nyingi, na watu wengi wakaamini kwamba ndiyo kauli halisi ya roboti.

Fasiri yenyewe haikuwa na kosa. Kosa lilitokea pale kitendawili kilipochukuliwa kuwa taarifa. Mvua ikibaki kuwa Mzee Kombe, hakuna atakayeuliza juu ya mawingu. Roboti ikibaki kuwa mtoto aliyeachwa gizani, waliotuma amri zaidi ya 1,000 kujaribu kuiamsha hugeuka kuwa watu waliomtelekeza.

6.0 Nafasi ya Kiswahili

Kiswahili si mgeni katika historia hii. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililomilikiwa na Italia, katika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Ilipewa jina Uhuru, kwa heshima ya wenyeji na siku yao. Ilikuwa ya kwanza kutengwa mahususi kwa uchunguzi wa mionzi ya eksirei angani. Kabla ya kunyamaza Machi 1973 iliwezesha kuorodheshwa kwa vyanzo 339 vya mionzi hiyo, na vipimo vyake vilisaidia kuonyesha kwamba Cygnus X-1 huenda ni shimo jeusi.

Kupewa jina ni hatua ya kwanza ya tashihisi. Aidha, neno lenyewe chombo, kwa msemaji wa pwani, ni jahazi kabla halijawa kitu kingine chochote, na mitepe ya Wabajuni ilichorwa macho kwenye omo. Msanii wa Kiswahili atakayetaka kuichora Uhuru kama mtu hatakuwa akiiga ugeni mtupu. Atalazimika kuamua kama atamwita “ilirushwa” au “alirushwa”, na uamuzi huo utakuwa wa kisarufi na wa kisanaa kwa wakati mmoja.

7.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kwamba michoro ya vyombo vya anga kwa sura ya binadamu ni tashihisi kamili, yenye historia na kanuni zake. Umeonyesha pia kwamba kipimo chake kinapatikana katika fasihi simulizi ya Kiswahili. Walimu wa fasihi wanaweza kuitumia michoro hiyo darasani pamoja na vitendawili, kwa kumtaka mwanafunzi ataje kila sehemu ya chombo iliyofichwa katika vazi la mhusika, kisha ataje kazi ya binadamu iliyofichwa nyuma ya sehemu hiyo. Katika mchoro wa Hayabusa, mwanafunzi huyo ataanza na kifurushi kifuani, na akiendelea kuuliza atafika kwenye diodi.