Bwaki kabla ya mizani

Ukibonyeza mguu wa mtoto mwenye bwaki, yaani unyafuzi (kwashiorkor), kwa kidole gumba, shimo linabaki. Uso umejaa, nywele zimepauka na kuwa laini, na jirani asiyejua atasema mtoto amenenepa. Mimi ni muuguzi huku Masisi, Kivu, mashariki mwa Kongo. Bwaki nimeikuta hata katika nyumba zenye bugali ya kutosha, na hilo ndilo linaloniudhi.

Miaka ya 1960 daktari Mbelgiji Henri Vis alikuwa akichunguza ugonjwa huu Kivu. Alifuatilia asidi amino katika damu na mkojo wa watoto, yaani vile vipande ambavyo mwili hujengea protini. Protini peke yake haielezi bwaki yote, lakini hesabu ya chungu inasema mengi. Kilo moja ya muhogo mbichi ina gramu 14 hivi za protini. Kilo ya maharage makavu ina zaidi ya 200. Mahindi yana upungufu wa asidi amino iitwayo lisini, ambayo maharage yanayo tele, na ile ambayo maharage hayana ya kutosha, methionini, mahindi yanayo. Mama zetu walichanganya vyakula hivyo viwili bila maabara. Kule kwa jirani zetu wa Walikale, penye mihogo na ndizi, kilichookoa mtoto ni samaki wa mto, nyama ya msituni na sombe, yaani majani ya muhogo.

Kwa nini basi chungu kilipungua? Tangu 1928 Comité National du Kivu iligawa ardhi kubwa kwa walowezi. Baada ya uhuru milima ya Masisi ikazidi kugeuka malisho ya wenye vyeo, na mkulima wa maharage akabaki na kipande cha mteremko. Machi 1993 mauaji yalianza sokoni Ntoto, Walikale, yakapanda hadi Masisi. Ng'ombe wakaporwa na kuchinjwa, watu wakakimbia mashamba yakiwa mabichi. Tangu hapo vita havijatuacha tukavuna kwa utulivu.

Mtoto hulipa deni la chungu hiki kilichopungua kwa njia isiyoonekana kwenye mizani. Seli za kinga hugawanyika kwa kasi, na kila seli mpya inadai asidi amino. Limfosaiti, mojawapo ya seli hizo, hutumia sana asidi amino iitwayo glutamini. Asidi amino zikikosekana, thaimasi, tezi ya kifuani inayokomaza seli hizo, hunywea. Mtoto mchanga hukingwa na dang'a, maziwa ya kwanza, kwa kuwa imejaa kingamwili za mama, na hata mama mwenye njaa hutoa maziwa yenye protini karibu ile ile, akichota kwenye misuli yake mwenyewe. Nikiona mama wa kambini amekonda huku kitoto kinanyonya vizuri, nampima kwanza yeye mzingo wa mkono, kisha naulizia maharage. Hatari kwa mtoto huja baadaye, maziwa yakibadilishwa na uji mtupu wa muhogo. Kinga yake ikiwa imedhoofika hivyo, surua ikiingia kambini, mtoto huyo ndiye tunayemkimbilia kwanza kwa chanjo.