Kampuni ilikufa, shule zikabaki

Mwaka 1934 kampuni ya Tan Kah Kee ilifungwa mjini Singapore. Miaka tisa nyuma alikuwa tajiri wa kutajika, mwenye mashamba ya mpira na viwanda vya viatu na matairi. Mdororo wa uchumi duniani ulipoporomosha bei ya mpira, benki zilizomdai zikamtaka aache kugharamia shule. Akakataa.

Tan alizaliwa mwaka 1874 Jimei, kijiji cha pwani ya Fujian nchini China. Alifika Singapore mwaka 1890 kumsaidia baba yake kuuza mchele. Biashara ya mzee ilipoanguka, kijana akaanza kusindika mananasi, na mwaka 1906 akapanda mipira katikati ya minanasi. Mipira ndiyo iliyomtajirisha.

Wachina wa Singapore wakati huo hawakuwa jamii moja. Wahokkien walikuwa na hekalu lao, Wateochew lao, na Wakanton na Wahakka vivyo hivyo; mtoto naye alisomeshwa kwa lugha ya kwao. Serikali ya Waingereza ilijali zaidi shule za Kiingereza, na Wachina wakaachiwa wajisomeshe. Wafanyabiashara ndio waliolipa walimu.

Mwaka 1911 Tan alishika uongozi wa bodi ya Tao Nan, shule iliyoanzishwa na Wahokkien mwaka 1906. Miaka michache baadaye shule hiyo ikaacha Kihokkien na kuanza kufundisha kwa Kimandarini, lugha ya pamoja ya Wachina. Wasichana nao hawakusahaulika: mwaka 1915 yeye na wenzake walifungua shule ya Chong Hock kwenye eneo la hekalu la Thian Hock Keng. Halafu, Machi 1919, ikaja sekondari ya Wachina. Milango yake ilikuwa wazi kwa kila kundi, na lugha ya darasani ilikuwa Kimandarini. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote. Matajiri wa kutoa fedha walikuwapo wengi. Wa kuwashawishi Wateochew na Wahokkien wachangie darasa moja walikuwa wachache. Naye hakuwaomba wengine kabla ya kutoa fungu lake mwenyewe.

Waingereza walishtuka. Baada ya maandamano ya wanafunzi huko China mwaka 1919, waliziona shule hizi kama vituo vya siasa, na mwaka 1920 wakatunga sheria ya kuzisajili pamoja na walimu wake.

Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya mali yake ilikwenda China: kwanza shule za Jimei kuanzia mwaka 1913, kisha Chuo Kikuu cha Xiamen, kilichofunguliwa Aprili 1921 kwa ahadi yake ya yuan milioni 4. Alikibeba chuo hicho hadi mwaka 1937, alipokikabidhi kwa serikali ya China. Yeye mwenyewe alirudi huko mwaka 1950, akafia Beijing mwaka 1961.

Singapore kazi iliendelezwa na mkwewe, Lee Kong Chian, aliyewahi kuwa mwajiriwa wake. Mwaka 1952 aliunda Lee Foundation. Mwaka uliofuata akaahidi dola 375,000 za kujenga maktaba ya taifa, kwa sharti kwamba iwe ya bure na iweke pia vitabu vya lugha za Kiasia.