Uthibitisho wa uraia bila cheti cha kuzaliwa (Moa, Tanga)

Uthibitisho wa uraia bila cheti cha kuzaliwa ni njia ambayo mtu anayeomba pasipoti au hati nyingine ya kusafiria huonyesha kuwa ni raia, ingawa kuzaliwa kwake au kwa wazazi wake hakukuandikishwa serikalini. Makala hii inahusu Moa, kata ya pwani katika Wilaya ya Mkinga, Mkoa wa Tanga, karibu na mpaka wa Tanzania na Kenya. Mengi yanayoelezwa hapa yanahusu pia vijiji jirani vya mwambao huo.

Mara nyingi ombi hukwama kwenye karatasi za mzazi kuliko za mwombaji mwenyewe. Idara ya Uhamiaji huomba cheti cha mwombaji pamoja na cha mzazi wake, na mzazi wa mtu aliyefikia umri wa kwenda kuhiji alizaliwa zamani, wakati Waafrika wa vijijini walikuwa hawaandikishwi.

Moa na mpaka

Moa iko kaskazini ya mji wa Tanga, kwenye pwani yenye mikoko na hori nyingi. Wenyeji wake ni hasa Wadigo na Wasegeju, nao wamechanganyika na Wavumba na watu wenye asili ya Pemba. Wanaishi kwa uvuvi, minazi, mashamba madogo na biashara ya vyombo. Ndugu zao wako ng'ambo ya pili, katika vijiji vya Vanga, Lunga Lunga na Shimoni vilivyoko Kenya. Harusi na mazishi huwakutanisha watu wa pande zote mbili, na si ajabu mwanamke wa Moa kwenda kujifungulia kwa mama yake Vanga, au wa Vanga kuja Moa.

Mpaka wenyewe ulichorwa na Waingereza na Wajerumani katika mapatano ya mwaka 1886, mstari ukianzia kwenye mdomo wa mto Umba. Leo mstari huo unafika Bahari ya Hindi kwenye Rasi Jimbo, na mpaka wa baharini kati ya Kenya na Tanzania ulikubaliwa mwaka 1976. Kituo cha barabarani upande wa Tanzania ni Horohoro, na upande wa Kenya ni Lunga Lunga.

Mkoa wa Tanga una sababu nyingine inayofanya asili ya watu iulizwe sana. Mashamba ya mkonge yalileta manamba kutoka sehemu nyingi, wakiwemo watu wa Ruanda-Urundi na Msumbiji. Wajukuu wao wamezaliwa Tanga na hawajui kwingine, lakini swali la mahali alipozaliwa babu linawafikia wao kuliko wengine.

Kwa nini kumbukumbu hazipo

Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo, ambayo sasa ni Sura ya 108 ya sheria za Tanzania, ilitungwa mwanzoni mwa utawala wa Waingereza. Haikuwalazimisha Waafrika kuandikisha watoto wao. Waliingizwa hatua kwa hatua baada ya uhuru. Hata walipoingizwa, mtoto aliyezaliwa nyumbani mikononi mwa mkunga wa jadi alihitaji mzazi asafiri hadi makao ya wilaya ili jina lake liandikwe, na kabla Mkinga haijawa wilaya kamili, watu wa Moa walikuwa chini ya Muheza, ambayo iko mbali na pwani yao. Wengi hawakuona haja, kwa kuwa shule ya msingi ilimpokea mtoto bila cheti.

Hali hiyo haikuwa ya Moa peke yake. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa asilimia 16 tu ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano ndio walioandikishwa. Ule wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha asilimia 26. Tangu mwaka 2013 Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), ulioanza kazi mwaka 2006, umekuwa ukiendesha mpango wa kuandikisha watoto hao bila malipo kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, mkoa baada ya mkoa. Mpango huo unawafaa watoto wa leo. Wazazi na babu zao haukuwakusudia.

Raia ni nani kisheria

Mtu wa Moa anaweza kuwa chini ya sheria tofauti kulingana na mwaka aliozaliwa, na hili husahauliwa sana. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, aliyezaliwa nchini chini ya himaya ya Uingereza alipata uraia moja kwa moja ikiwa angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika. Kwa hiyo mtoto wa manamba ambaye wazazi wake wote wawili walizaliwa nje hakuupata kwa njia hiyo, hata kama yeye mwenyewe alizaliwa Tanga.

Kwa waliozaliwa tangu siku ya Muungano, tarehe 26 Aprili 1964, inatumika Sheria ya Uraia ya mwaka 1995. Inataja uraia wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi. Maneno ya kifungu cha 5 ni mapana: yanamgusa kila aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano, isipokuwa makundi machache kama watoto wa wanadiplomasia wa kigeni. Hata hivyo Uhamiaji hutazama kama mzazi mmoja alikuwa raia, na ndiyo maana karatasi za mzazi huombwa. Aliyezaliwa nje, tuseme Vanga, ni raia wa kurithi ikiwa baba au mama yake ni raia, mradi mzazi huyo naye hakuupata uraia kwa kurithi tu. Kabla ya sheria ya 1995 uraia wa kurithi ulipitia kwa baba.

Cheti cha kuzaliwa chenyewe hakithibitishi uraia. RITA hutoa cheti kwa mtoto yeyote aliyezaliwa Tanzania Bara, awe wa raia au wa mgeni. Kinachothibitishwa ni tarehe, mahali na majina ya wazazi. Kadi ya NIDA nayo isichukuliwe kijuujuu, kwa sababu Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa huwapa vitambulisho pia wageni wakaazi na wakimbizi, kila kundi na kadi yake.

Karatasi zinazoombwa

Pasipoti ya kielektroniki ilizinduliwa Januari 2018, na fomu yake hujazwa kwenye mtandao kisha hupelekwa ofisi ya Uhamiaji pamoja na viambatisho. Vya msingi ni kitambulisho cha taifa au namba yake, cheti cha kuzaliwa cha mwombaji, cheti cha kuzaliwa cha mzazi, na ushahidi wa safari. Palipokosekana cheti, hati ya kiapo cha kuzaliwa inaweza kupokelewa, kwa mwombaji na kwa mzazi pia. Hapo ndipo mlango ulipo kwa watu wengi wa Moa, ingawa afisa anayehoji ana haki ya kutoridhika na kutaka ushahidi zaidi.

Njia ya pili ni kuandikisha kizazi kwa kuchelewa. Sheria inatoa siku 90 za kawaida baada ya kuzaliwa. Baada ya hapo maombi huambatana na vielelezo, na yakipita miaka kumi uzito wa vielelezo huongezeka na idhini ya Msajili Mkuu huhitajika. Vinavyosaidia ni kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo kwa Wakristo, cheti cha kumaliza elimu ya msingi, kadi ya mpiga kura, na barua ya mtendaji wa kijiji au wa kata. Maombi hupelekwa ofisi ya msajili wa wilaya au kwa mtandao wa RITA. Kwa mtu mwenye nafasi ya kusubiri, njia hii ni bora kuliko kiapo, kwa kuwa cheti kinakaa na kitawafaa watoto wake watakapoulizwa cheti cha mzazi.

Aliyezaliwa Unguja au Pemba hatapata cheti chake RITA, maana Zanzibar ina usajili wake. Watu wa Moa wenye mama wa Kipemba hupoteza siku nyingi kwa kutolijua jambo hili mapema.

Kiapo na ushahidi wa wazee

Kiapo huandikwa mbele ya wakili au kamishna wa viapo mwingine. Anayeapa hueleza anamjuaje mtu, alizaliwa wapi, lini na nani, na yeye mwenyewe aliyajuaje hayo. Sharti hili la mwisho ndilo gumu. Mtu mwenye miaka 65 anahitaji shahidi aliyekuwa mtu mzima, au angalau mtoto mwenye akili, siku ile alipozaliwa. Kila mzee anayezikwa huondoka na ushahidi wa watu kadhaa, na familia nyingi hushtuka wakati shangazi wa mwisho ameshatangulia. Kiapo kinaweza kuandikwa leo kwa ajili ya safari ya miaka ijayo, jambo linalofanywa na wachache mno.

Karatasi kuukuu huongeza nguvu ya maneno. Stakabadhi za kodi ya kichwa za babu, kadi ya TANU, hati ya shamba la minazi, rejesta ya shule na barua za kazi hazithibitishi uraia kisheria, lakini zinaonyesha kuwa ukoo ulikuwepo mahali fulani katika mwaka fulani. Afisa pia anaweza kuuliza makaburi ya ukoo yako wapi, na nani jirani wa shamba.

Kusema uongo katika kiapo au katika fomu ya pasipoti ni kosa la jinai. Mzee anayeapa kuwa mtoto amezaliwa Moa kumbe amezaliwa Vanga huenda anamharibia bila sababu: mtoto huyo pengine alikuwa raia wa kurithi, na ukweli ungemtosha.

Majina na tarehe

Kwa desturi ya pwani jina la mtu hufuatwa na la baba na la babu. Shuleni huenda aliandikwa kwa jina la mjomba aliyemlea, na kwenye kadi ya mpiga kura kwa jina la utani. Majina yasipolingana, hutakiwa kiapo cha kueleza kuwa yote ni ya mtu mmoja, au hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Herufi nazo huleta shida, Mohamedi na Muhammad, Saidi na Said. Ni vyema kusawazisha jina kabla ya kuomba pasipoti, si baada ya kukataliwa.

Tarehe za wazee hutafutwa kwa matukio: kabla au baada ya uhuru, mwaka wa Muungano, wakati wa kuhamia vijijini miaka ya 1970, au vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Wengi hukumbuka mwezi wa Kiislamu bila mwaka. Tarehe ikishaandikwa kwenye NIDA huwa ndiyo tarehe ya mtu huyo kila mahali, kwa hiyo kukisia ovyo siku ya kujiandikisha kuna gharama.

Vitambulisho vya nchi mbili

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamfanya raia kila mtu ambaye mama au baba yake ni Mkenya, popote alipozaliwa, na inaruhusu uraia wa nchi mbili. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima. Kijana wa Moa mwenye mama wa Vanga anaweza kuwa raia wa pande zote mbili utotoni, lakini afikapo miaka 18 sheria ya Tanzania inamtaka aukane uraia wa nje ili abaki na wa Tanzania. Wapo wanaochukua kitambulisho cha Kenya kwa ajili ya kazi Mombasa, kisha wanarudi kuomba pasipoti ya Tanzania kwa safari ya Oman au Makka. Kitambulisho hicho kinaweza kuwa ndicho kitakachowafunga.

Safari za karibu

Kwa anayekwenda Kenya au nchi nyingine za Afrika Mashariki, Uhamiaji hutoa Hati ya Dharura ya Safari, ambayo hupatikana kwa urahisi kuliko pasipoti. Tangu Januari 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zinakubali vitambulisho vya taifa kwa safari kati yao. Tanzania haikujiunga na mpango huo. Hati ya dharura haifai kwa hija, kwa kuwa Saudia hudai pasipoti.

Mashauri na mifano ya jirani

Mwaka 2001 serikali ilitangaza kuwa watu wanne maarufu hawakuwa raia, akiwemo mwandishi Jenerali Ulimwengu, ambaye alikuwa amewahi kuwa mbunge na mkuu wa wilaya. Tukio hilo liliwaonyesha wengi kuwa kushika cheo hakuzuii swali la asili.

Hukumu muhimu zaidi kwa watu wa mpakani ni ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyotolewa Arusha tarehe 22 Machi 2018 katika shauri namba 012 la mwaka 2015. Mlalamikaji alikuwa na pasipoti ya Tanzania. Ilichukuliwa, akafukuzwa kwenda Kenya, Kenya nayo ikamkataa, akabaki kwenye eneo lisilo la nchi yoyote huko Sirari. Mahakama ilisema kwamba kwa kuwa serikali ilikuwa imemtambua kama raia kwa muda mrefu, ilikuwa juu yake kuthibitisha kuwa si raia, na ikaona kuwa alinyang'anywa uraia kiholela. Hukumu hiyo haimsaidii asiyewahi kuwa na hati yoyote.

Kwa asiyekuwa nayo, mifano iko jirani. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walikwenda Kenya kufanya kazi mashambani, waliandamana kwa miguu kuelekea Nairobi Oktoba 2016 na wakaanza kupewa vitambulisho Februari 2017. Wapemba wa pwani ya Kenya walitambuliwa na Rais William Ruto Julai 2023. Ndani ya Mkoa wa Tanga wako Wabantu wa Somalia waliopewa makazi Chogo, wilayani Handeni. Wazee wao walikuwa Wazigua waliochukuliwa utumwani karne ya 19, na walirudi kama wakimbizi baada ya vita vya Somalia vya mwaka 1991, baadhi yao wakiwa bado wanasema Kizigua. Lugha hiyo ilisaidia kutambua asili yao, lakini haikuwafanya raia wa kurithi: waliopata uraia wa Tanzania waliupata kwa tajnisi.